Malori Yaliyobeba Motokaa za Mbio Jangwani

Mtu akisikia habari za motokaa iliyokwenda mwendo wa maili 150 kwa saa, huuliza ni nani aliyeiendesha, na injini yake ilikuwa ya namna gani. Ni wachache wanaouliza ilifikaje mahali pa mbio, na wachache zaidi wanaouliza ilirudije nyumbani. Lakini kwa vijana wa California, Marekani, ambao tangu miaka ya 1930 walishindana katika jangwa la Mojave kwa motokaa kuukuu walizozifanya upya kwa mikono yao wenyewe, swali hilo la kurudi nyumbani lilikuwa zito kuliko mengine yote. Nao walilijibu kwa kuunda chombo cha pili, yaani lori la kubebea ile motokaa. Chombo hicho hakikupewa kikombe, wala hakikupigwa picha ila mara chache.

Yafaa kwanza mahali penyewe paelezwe. Kaskazini ya mji wa Los Angeles, nyuma ya milima, iko nchi kame yenye maziwa yasiyo na maji. Mvua za majira ya baridi huyafunika kwa maji machache. Jua likisha kuwaka, maji hukauka, na udongo wa mfinyanzi hubaki umelala sawasawa kama sakafu, mgumu, hauna jiwe wala mti, maili kadhaa kwa maili kadhaa. Maziwa yaliyojulikana zaidi ni Muroc, Rosamond, Harper na El Mirage. Hapo ndipo kijana alipoweza kukanyaga mafuta hata mwisho bila kumgonga mpita njia wala kukamatwa na polisi. Mwaka 1937 vilabu vya vijana hao viliungana vikafanya chama kilichoitwa Southern California Timing Association, na mwezi wa Mei 1938 chama hicho kilifanya mashindano yake ya kwanza huko Muroc. Baadaye jeshi la Marekani lilichukua ziwa lote la Muroc kwa ajili ya ndege zake, na ni katika anga ya hapo hapo ambapo mwaka 1947 Chuck Yeager aliruka kwa ndege upesi kuliko sauti. Wale vijana wakahamia El Mirage.

Hawakuwa watoto wa matajiri. Wengi walikuwa wafanyakazi wa gereji, wa vituo vya petroli na wa viwanda vya ndege, na miaka ile fedha ilikuwa haba katika nchi nzima. Kilichowasaidia ni wingi wa vyuma vilivyotupwa. Motokaa za Ford Model T, zilizotengenezwa tangu 1908 hata 1927, zilipita milioni 15, kwa hiyo kila uwanja wa vyuma chakavu ulikuwa nazo. Zikafuata za Model A, na mwaka 1932 Ford ikatoa injini ya silinda nane, iliyopangwa kwa umbo la herufi V, yenye nguvu za farasi 65, kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliweza kuifikiri. Kijana alinunua motokaa isiyo na paa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nyepesi, akatia injini aliyoipata, akabadili kabureta na vichwa vya silinda, na matokeo yake yakaitwa hotirodi.

Basi siku zile za mwanzo, mbebaji na mbebwaji walikuwa kitu kimoja. Motokaa iliyompeleka mwenyewe kazini toka Jumatatu hata Ijumaa ndiyo iliyompeleka jangwani usiku wa Jumamosi, safari ipatayo maili 100. Alipofika ziwani alifungua madigadi, taa, kioo cha mbele na bampa, akaviweka vyote chini katika rundo moja, akaingia mbioni. Jioni ya Jumapili alivifunga tena, akarudi mjini usoni amejaa vumbi jeupe. Ikiwa mambo yalikwenda vyema, hapakuwa na safari iliyo rahisi kuliko hiyo.

Lakini mambo hayakwenda vyema sikuzote. Injini inayolazimishwa kutoa nguvu kupita ilivyoumbwa haina muda mrefu. Fimbo ya pistoni ikikatika, hupasua ubavu wa injini na kumwaga oili yote mchangani. Hapo kijana alisimama jangwani saa nane za mchana, akiba yake ya miezi mingi imekwisha katika nukta moja, na kesho saa moja asubuhi anatakiwa kazini. Motokaa iliyovunjika ndiyo pia iliyokuwa ya kumpeleka. Kama hakuwa na rafiki mwenye kamba, alikuwa ameshikwa. Na kama alikuwa naye, yule rafiki alihatarisha injini yake mwenyewe kwa kukokota mbili mlimani. Watu husema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Ukingo wa sakafu ile ulikuwa ni njia ya milimani usiku, nyuma ya kamba, bila taa.

Jambo la pili lililoleta malori ni kwamba motokaa zenyewe zilianza kuwa viumbe visivyoweza kuishi barabarani. Ili kuongeza mwendo, mafundi walitia gia za ekseli zilizofaa kasi kubwa tu, hata motokaa ikawa haiwezi kuondoka mahali pake kwa nguvu zake. Wengine waliondoa rejeta, wakaweka tanki dogo la maji lililotosha mbio moja. Wengine waliacha petroli wakatumia spiriti, ambayo haikuuzwa kituo chochote cha njiani. Baada ya vita vya 1939 hata 1945 mambo yalizidi. Mwaka 1946 Bill Burke alichukua tanki la petroli la kuning'inizwa chini ya ndege ya vita ya P-51, ambalo lina umbo la samaki, akatia ndani injini na kiti. Punde akahamia matanki makubwa zaidi ya ndege za P-38, na wengi wakamfuata. Kitu cha namna hiyo hakina taa, hakina madigadi, na dereva wake hujikunja ndani kama kuku katika tenga. Hakuna askari wa barabara ambaye angekiacha kipite. Mwaka 1948 Stuart Hilborn akawa wa kwanza kupita maili 150 kwa saa katika maziwa hayo, na kwa mwendo huo ile desturi ya kuja na kurudi kwa chombo kile kile ilikuwa imepitwa na wakati.

Njia iliyokuwa rahisi ni kukokota. Chuma kilichoungwa kwa umbo la herufi A kilifungwa mbele ya motokaa ya mbio, na ncha yake ikashikizwa nyuma ya motokaa ya nyumbani. Haikugharimu kitu. Walakini magurudumu ya motokaa ya mbio yalizunguka njia nzima, beringi zikala, na mipira iliyonunuliwa kwa taabu ikamalizwa na lami kabla ya kuona udongo wa ziwa. Tena mzigo unaokokotwa una akili zake: mteremkoni husukuma kinachoukokota, na kwenye kona hutaka kupita upande wake.

Ndipo wenye busara walipogeukia lori. Lori jipya lilikuwa nje ya uwezo wao, kwa hiyo walifanya kama walivyofanya kwa motokaa, wakaenda kwenye vyuma chakavu. Walichukua lori kuukuu la Ford la miaka ya 1930, bodi imeoza lakini chasisi nzima. Chasisi ilikatwa katikati, vikaongezwa vipande vya chuma imara vya kiasi cha futi tatu au nne, vikaungwa kwa moto na kukazwa kwa bamba kila upande. Shafti ya kupeleka nguvu nyuma ikarefushwa vivyo hivyo. Kazi hii si ya kuchezewa, kwa maana chasisi iliyounganishwa vibaya haivunjiki gerejini, huvunjika ikiwa na mzigo, mbali na watu. Ekseli ya nyuma iliwekwa kwa hesabu ili uzito wa injini ya motokaa iliyobebwa ukae juu yake au mbele yake kidogo. Ukikaa nyuma mno, pua ya lori huinuka na usukani huwa mwepesi wa kutisha.

Juu ya chasisi ziliwekwa mbao nene, na nafasi ya magurudumu ikapimwa kwa motokaa ile moja tu iliyokusudiwa. Kitanda kilishushwa chini kadiri ilivyowezekana, kwa sababu motokaa hizo zilikaa karibu sana na ardhi, na mbao za kupandia zilipokuwa na mwinuko mkali zilikwaruza tumbo lake. Nyuma ya kibanda cha dereva ilifungwa winchi ya mkono, ya namna inayotumika kuvuta mashua, maana motokaa iliyovunjika injini haipandi yenyewe, nayo ndiyo hasa inayohitaji kubebwa. Pembeni yalikaa masanduku ya spana, jeki, minyororo, mapipa ya mafuta, magurudumu ya akiba na injini nyingine nzima kwa aliyejaliwa. Usiku turubai liliteremshwa ubavuni, na wenyewe wakalala chini yake. Hivyo lori moja lilikuwa gereji, ghala na nyumba ya wageni.

Na injini ya lori? Hapa ndipo tabia ya watu hawa ilipojionyesha. Fundi aliyekuwa na injini ya mwaka uliopita, iliyoshindwa na mpya lakini bado nzima, hakuona sababu ya kuitupa. Aliipeleka katika lori, pengine na kabureta zake mbili. Malori mengine yaliyoonekana kama ya kubebea kuni yalipanda mlima yakiyapita motokaa za kifahari.

Hatari haikuwa katika kupanda, ilikuwa katika kushuka. Motokaa na malori ya Ford ya miaka hiyo yalifungwa breki za fimbo za chuma, ambazo nguvu yake ni ile ya mguu wa dereva tu, na mara nyingi hazikushika sawa magurudumu yote. Ford haikutumia breki za mafuta katika motokaa zake mpaka zile za mwaka 1939. Kwa hiyo mwenye akili alitafuta breki za 1939 au za baadaye akazihamishia katika lori lake, kabla hajafikiri rangi wala urembo. Asiyefanya hivyo alishuka njia ya Cajon, ambayo kilele chake kiko zaidi ya futi 4,000 juu ya bahari, kwa gia ndogo na kwa sala. Pengine hili ndilo jambo la kusifiwa zaidi katika habari yote: vijana ambao Jumapili nzima walitafuta namna ya kwenda mbio walijifunza, kwa ajili ya lori, namna ya kusimama.

Joto nalo lilikuwa adui. Katika ile injini ya Ford ya silinda nane, moshi wa moto hautoki moja kwa moja nje. Hupita kwanza ndani ya chuma cha injini, katikati ya maji ya kupozea, ndipo ufike kwenye bomba. Maji hupashwa moto mara mbili, na rejeta hulemewa. Kwa sababu hiyo wasafiri walipenda kuondoka jioni na kuvuka jangwa usiku. Mbele ya rejeta waliangika mifuko ya turubai iliyojaa maji. Mfuko wa namna hiyo huvuja jasho kidogo kidogo, na upepo wa mwendo huyafanya maji yaliyomo kuwa baridi. Ulimfaa dereva na ulilifaa lori.

Kufika ziwani hakukulipumzisha lori. Zile motokaa zenye gia za kasi kubwa, ambazo nyingine hata mashine ya kuwashia injini ziliondolewa ili kupunguza uzito, zilihitaji kusukumwa mpaka zishike moto na kupata mwendo. Mbele ya lori palifungwa bampa imara ya mbao au chuma, wakati mwingine imefunikwa mpira, kwa kimo kilicholingana na nyuma ya motokaa ya mbio. Lori lilisukuma polepole, kisha upesi, mpaka dereva wa mbele aachie klachi na injini ingurume. Hapo lori lilipotoka pembeni, na mwenye motokaa akaenda zake kutafuta sifa. Kisha lori lilizunguka mbali, nje ya njia ya mbio, likamfuate huko mwisho, kwa kuwa mara nyingi hakuweza kurudi mwenyewe. Vumbi lote lilikuwa la lori. Wapo waliosema kazi hiyo ni ya mpumbavu. Lakini anayesukuma kwa ghafula humpindisha mwenzake katika mwendo wa maili 40 au 50, na kuipindua motokaa nyepesi si kazi kubwa. Alitakiwa mtu mtulivu, na si kila mwenda mbio aliweza.

Mwezi wa Agosti 1949 yakaanza mashindano ya Bonneville katika jimbo la Utah, na hapo malori yalipata mtihani wao hasa. Bonneville si udongo bali ni chumvi tupu, nyeupe hata macho huumia, karibu na mji mdogo wa Wendover. Toka Los Angeles njia ilipita Las Vegas, kisha kaskazini mpaka Ely, kisha Wendover, maili zaidi ya 600, vituo ni vichache na jua la Agosti halina huruma. Safari ya maili 100 mtu aliweza kuibahatisha. Hii haikubahatika. Waliokokota kwa chuma cha herufi A waliwasili wengine wamechoka, wengine hawakuwasili kwa wakati, na wenye malori mazuri wakaonekana kuwa watu waliofikiri mapema.

Mwaka huo huo wa kwanza motokaa ndefu yenye umbo la samaki, iliyoundwa na Alex Xydias, mwenye duka la So-Cal Speed Shop la Burbank, pamoja na Dean Batchelor, ilipita maili 190 kwa saa, na mwaka 1950 ikapita 200. Habari hizo zilienezwa na gazeti la Hot Rod, lililoanzishwa na Robert Petersen mwaka 1948. Gazeti halikueleza sana habari za waliokesha wakifunga minyororo. Tena chumvi ilikuwa na deni lake. Iliganda chini ya lori, katika springi, katika breki na katika kila pembe ya chasisi, na asiyefua chombo chake kwa maji mengi mara tu baada ya kutoka alikuta baada ya miezi kutu imekula kazi yake yote. Motokaa ya mbio ilikaa katika chumvi kwa dakika chache kila siku, lori lilikaa humo juma zima.

Baadaye walikuja waliotaka lori nalo lipendeze. Huko Ujerumani kampuni ya Mercedes-Benz iliunda lori la buluu la kubebea motokaa yake ya mbio, lenye injini ya motokaa ya 300SL, kibanda cha dereva kikiwa mbele kabisa ya magurudumu. Nalo lilikwenda maili 105 kwa saa na mzigo wake mgongoni. Picha zake za mwaka 1955 zilizunguka dunia. Fundi mmoja wa California, Norm Holtkamp, aliziona, akaamua kujitengenezea la kwake. Alitumia kibanda cha Chevrolet El Camino ya 1960 na injini ya Chevrolet ya silinda nane, na lori likaitwa Cheetah. Mwishowe lilichukuliwa na Dean Moon, mtengenezaji mashuhuri wa vifaa vya hotirodi. Lilikuwa chombo cha kutazamwa, na watu walilitazama sana. Lakini kulifananisha na malori ya zamani ni kama kufananisha kiti cha sebuleni na kigoda cha jikoni. Cheetah lilikaa miaka mingi bila kufanya kazi, na lile la Mercedes-Benz lilivunjwa mwaka 1967 na wenyewe kampuni, hata ikawalazimu baadaye kutengeneza jingine la mfano wake.

Wakati huo haja yenyewe ilikuwa imepungua. Mwaka 1950 kiwanja cha mbio fupi kilifunguliwa katika uwanja wa ndege wa Santa Ana, karibu na mjini, na kijana aliweza kushindana asubuhi akawa nyumbani kwa chakula cha mchana. Viwanda navyo vikaanza kuuza matela yaliyo tayari na malori madogo yenye nguvu, na mtu mwenye kazi nzuri hakuona faida ya kukata chasisi usiku.

Motokaa za mbio za siku zile sasa zimepakwa rangi upya, na baadhi yake huonyeshwa katika majumba ya makumbusho, kama lile la Petersen lililofunguliwa Los Angeles mwaka 1994. Malori mengi hayakupata bahati hiyo. Injini ilipotolewa ili kutiwa katika motokaa nyingine, chasisi iliuzwa kwa ratili. Mengine yaliishia kubeba mbao na mboga, na aliyeyanunua hakujua kwa nini kitanda chake kilikuwa kirefu kupita desturi, wala kwa nini mbele palifungwa bampa nene iliyofunikwa mpira.